Viwanja Vilivyobomolewa Vinavyojengwa Upya Ndani ya Kompyuta

Besiboli, mchezo ambao Wamarekani wengi huuhesabu kuwa mchezo wa taifa lao, hutofautiana na soka kwa jambo moja ambalo mgeni wa mchezo huo huchelewa kulitambua, nalo ni kwamba sheria zake hupanga kwa ukali vipimo vya sehemu ya ndani ya uwanja, ilhali sehemu ya nje huruhusiwa kutofautiana kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Sehemu ya ndani ni mraba wenye besi nne kwenye pembe zake, yaani vituo ambavyo mchezaji aliyeupiga mpira kwa gongo hukimbia kuvizunguka. Kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27.43, na tangu mwaka 1893 mrushaji wa mpira amekuwa akirusha kutoka umbali wa mita 18.44. Nyuma ya mraba huo huanza nyasi zinazoendelea mpaka ukutani, na ukuta huo katika viwanja vya zamani ulisimama popote pale ambapo barabara, reli au nyumba ya jirani ilizuia. Ndiyo sababu hapakuwa na viwanja viwili vya zamani vilivyofanana, na ndiyo sababu pia kubomolewa kwa kimoja kulifuta umbo ambalo halikuwahi kurudiwa mahali pengine. Leo wasanifu majengo, wanahistoria na watu wanaofanya kazi hii kwa mapenzi tu huyarejesha maumbo hayo kwa modeli za kidijitali za pande tatu, yaani majengo yaliyochorwa ndani ya kompyuta ambayo mtazamaji anaweza kuyazunguka na kuyatazama kutoka kiti chochote.

Viwanja vinavyoshughulikiwa zaidi ni vya kizazi kimoja. Kabla ya mwaka 1909 majukwaa mengi ya watazamaji yalijengwa kwa mbao na kuungua mara kwa mara. Moto wa mwaka 1894 uliteketeza uwanja wa South End Grounds mjini Boston, na ule wa Aprili 1911 uliyala majukwaa ya Polo Grounds jijini New York. Mwaka 1909 ulifunguliwa Shibe Park mjini Philadelphia, uwanja wa kwanza wa besiboli ya ligi kuu kujengwa kwa chuma na zege, na miezi michache baadaye Forbes Field mjini Pittsburgh, kisha katika miaka sita hivi iliyofuata miji mingi mikubwa ikajenga vya kwake. Vilijengwa katikati ya mitaa, kwa sababu watazamaji walifika kwa miguu au kwa tramu, na mitaa hiyo ndiyo iliyovipa sura. Polo Grounds, uliobanwa kati ya mto na jabali, ulikuwa na umbo la kiatu cha farasi: ukuta wa kulia ulikuwa mita 79 tu kutoka kwa mpigaji, ilhali wa katikati ulikuwa mbali naye karibu mita 147. Katika Griffith Stadium, mjini Washington, ukuta wa katikati ulijikunja kuingia ndani ya uwanja ili kuzikwepa nyumba chache na mti mkubwa uliokuwa nyuma yake.

Ujio wa magari ya watu binafsi na kuhamia kwa familia nyingi nje ya miji viliviondolea viwanja hivyo faida ya kuwa mitaani, kwa kuwa havikuwa na mahali pa kuegesha magari, na wamiliki wa timu wakaanza kutafuta ardhi pana zaidi, wengine katika majimbo ya mbali. Timu ya Dodgers ilicheza mara ya mwisho katika Ebbets Field, Brooklyn, Septemba 1957, ikahamia Los Angeles, na mwaka 1960 uwanja ukabomolewa kupisha nyumba za kupanga. Polo Grounds ulifuata mwaka 1964. Kati ya viwanja vyote vya ligi kuu vya kizazi hicho, vilivyobaki vikitumika na ligi hiyo ni viwili tu, Fenway Park wa Boston na Wrigley Field wa Chicago.

Kujenga modeli ya jengo lisilokuwapo ni kazi tofauti kabisa na kupima jengo lililobaki, hata kama ni gofu. Wataalamu wa mradi uitwao Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, walipoyaweka magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Tanzania, katika kompyuta, walitumia mashine za leza zinazopeleka mwali ukutani na kupima muda unaotumika kurudi, hata kila jiwe likapata mahali pake. Katika Ebbets Field hakuna jiwe la kupima. Mjenzi wa modeli hana budi kutegemea karatasi na picha, na ubora wa kazi yake hutokana zaidi na uvumilivu wake katika hifadhi za nyaraka kuliko na nguvu ya kompyuta yake, ingawa watu wengi hudhani kinyume.

Karatasi zenyewe ni za aina nyingi. Bora kuliko zote ni michoro ya wahandisi, pale ilipobaki, japokuwa huonyesha kilichokusudiwa kujengwa na si lazima kilichojengwa. Zinazosaidia pasipo kutarajiwa ni ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn, zilizochorwa ili makampuni ya bima yajue hatari ya kila jengo mjini, ambamo upimaji ulikuwa wa kipimo cha 1 kwa 600 na rangi ilitaja vifaa vya ujenzi, waridi ikimaanisha matofali na njano ikimaanisha mbao. Ziko pia picha zilizopigwa kutoka angani tangu miaka ya 1920, na kwa upande wa New York kuna hazina ya picha ambazo serikali ya jiji ilipiga kati ya mwaka 1939 na 1941 ili kukadiria kodi, karibu kila jengo la jiji likiwa limepigwa picha kutoka barabarani. Picha hizo za kodi hazikukusudiwa kumhusu mpenzi wa besiboli hata kidogo, lakini ndizo zinazomwezesha mjenzi kuweka nyumba, maduka na nguzo za taa zilizouzunguka uwanja, na modeli isiyokuwa na mtaa wake haiwezi kueleza kwa nini ukuta ulipinda pale ulipopinda.

Hata hivyo, kipimo cha thamani zaidi kimo ndani ya picha za mchezo wenyewe. Kwa kuwa umbali kati ya besi haukubadilika, kila picha inayozionyesha besi zote nne ina mraba wenye vipimo vinavyojulikana, na hesabu za jiometri zinaweza kuutumia mraba huo, uliopotoshwa na mtazamo wa kamera, kutafuta kamera ilisimama wapi, kwa kimo gani, na lenzi yake ilikuwa na upana gani. Kazi hii huitwa kulinganisha kamera. Kamera ikishajulikana mahali pake, kila kitu kingine katika picha hugeuka kuwa mstari unaotoka kwenye lenzi kuelekea mahali fulani uwanjani. Picha ya pili iliyopigwa kutoka upande mwingine hutoa mstari wa pili, na mistari miwili inapokutana ndipo pembe ya jukwaa, nguzo au ubao wa matokeo ulipokuwa. Michezo michache imejiachia rula iliyo wazi kiasi hicho. Ugumu huongezeka kadiri kitu kinavyokuwa mbali, kwa maana kosa dogo katika kuweka alama juu ya besi huweza kuusogeza ukuta wa mbali kwa mita kadhaa, na hapo mjenzi hujaribiwa kutegemea namba za umbali zilizopakwa rangi ukutani.

Namba hizo si za kuaminiwa bila kuhojiwa. Katika Fenway Park, uwanja ambao haujawahi kubomolewa na ambao mtu yeyote mwenye futi kamba angeweza kuupima, ukuta mrefu wa kushoto uliandikwa kwa miongo mingi kuwa uko futi 315 kutoka kwa mpigaji, mpaka mwaka 1995 namba hiyo ilipobadilishwa kuwa 310. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa ukuta uliosimama, basi namba za kuta zilizokwisha kusagwa zinastahili kuchukuliwa kama ushahidi mmoja miongoni mwa mwingine.

Swali linalofuata ni la wakati, nalo huwakwaza wanaoanza. Ebbets Field uliofunguliwa mwaka 1913 haukuwa Ebbets Field ambamo Jackie Robinson aliingia Aprili 15, 1947, siku ilipovunjwa desturi iliyowafungia wachezaji weusi nje ya ligi kuu kwa zaidi ya miaka sitini. Kati ya siku hizo mbili jukwaa la ghorofa mbili lilikuwa limeongezwa upande wa kushoto na katikati, ubao mkubwa wa matokeo ulikuwa umesimamishwa kwenye ukuta wa kulia, na matangazo ya biashara yalikuwa yakibadilika ukutani. Modeli inayochanganya ubao wa mwaka mmoja na matangazo ya mwaka mwingine huonyesha uwanja ambao hakuna binadamu aliyewahi kuuona. Kwa hiyo wajenzi makini huchagua msimu mmoja, au hata siku moja, na kukataa kila kitu kisichoweza kuthibitishwa kuwa kilikuwapo wakati huo, hata kama kinapendeza.

Rangi nayo ina matatizo yake. Picha nyingi za mwanzo wa karne ya 20 zilipigwa kwa bamba za kioo ambazo dawa yake haikuhisi mwanga mwekundu, hivyo matofali mekundu yalitoka karibu meusi na anga la buluu likatoka jeupe. Mtu anayekadiria rangi kwa kuangalia weusi na weupe wa picha hizo bila kujua jambo hili atapaka ukuta rangi ya masizi, wakati ambapo kadi za posta zilizopakwa rangi, habari za magazeti na vipande vya viti vilivyonunuliwa na mashabiki siku za kubomoa vingemwelekeza kwingine.

Faida ya kazi hii haiishii kwenye kumbukumbu tamu za wazee wa Brooklyn. Mwaka 1953 Mickey Mantle wa timu ya Yankees aliupiga mpira katika Griffith Stadium, ukagusa ubao uliokuwa juu ya jukwaa la kushoto, kama mita 140 kutoka kwake na mita 18 juu ya ardhi, ukatoka nje ya uwanja. Ofisa habari wa Yankees alitangaza kuwa ulisafiri futi 565, yaani mita 172, na namba hiyo ikaandikwa vitabuni kana kwamba imepimwa, ingawa ilihesabiwa mpaka mahali ambapo mpira uliripotiwa kuokotwa na mtoto baada ya kwisha kudunda na kubingirika. Mwanafizikia Alan Nathan aliliunganisha umbo la uwanja ule, mahali mpira ulipogusa na nguvu ya upepo, akahitimisha kuwa umbali halisi ulikuwa mfupi kuliko huo. Bila kujua ubao ulikuwa wapi na kwa kimo gani, hesabu hiyo isingewezekana, na hapa modeli ya uwanja hugeuka kuwa chombo cha kuhoji hadithi badala ya kuipamba.

Ukuta wa kulia wa Ebbets Field ni mfano mwingine wenye utajiri. Nusu ya chini ya ukuta wenyewe ililala kwa mteremko, nusu ya juu ilisimama wima, na juu yake palikuwa na wavu, vyote pamoja vikifikia kimo cha mita 11.6, huku ubao wa matokeo ukitokeza mbele. Mpira uliougonga ukuta huo ungeweza kurudi kwa kasi, kuanguka wima au kuruka juu, kulingana na mahali ulipogonga, na Carl Furillo, mlinzi wa upande huo wa timu ya Dodgers, alijijengea sifa kwa kuyasoma marudio hayo miaka mingi. Katika kompyuta inawezekana kuupiga ukuta huo maelfu ya mipira ya kubuni na kuona ni kwa nini mlinzi mgeni alipotea pale ambapo Furillo alikuwa ameshafika. Michezo ya video imeitumikia hamu ya kuviona viwanja hivyo kwa njia yake, na mfululizo wa MLB The Show umewawezesha wachezaji kucheza ndani ya Polo Grounds na Forbes Field, lakini lengo la mchezo wa video ni uchezekaji, na ukiona nyasi zimenyooka na kuta hazina hata doa la mvua, ni vyema kukumbuka hivyo.

Uzuri wa picha ndio hatari kubwa ya fani hii, kwani kompyuta hupaka sehemu iliyobuniwa kwa ung'avu uleule inaotumia kupaka sehemu iliyothibitishwa. Wataalamu wa urithi wa kale waliliona tatizo hili mapema, na Mkataba wa London, mwongozo ulioanza kuandikwa mwaka 2006, unawataka wajenzi wa modeli waweke wazi kumbukumbu ya maamuzi yao, yaani ni sehemu gani inatokana na mchoro, ipi na picha, na ipi na kukisia. Wengine huonyesha tofauti hiyo kwa rangi, kilichothibitishwa kikipewa sura kamili na kilichokisiwa kikiachwa kijivu. Wapenzi wengi wa besiboli hawaufuati mwongozo huo, na kazi zao, ambazo mara nyingine zina utafiti mzuri kuliko wa vyuo, hupoteza thamani kwa sababu hiyo peke yake.

Pale ambapo uaminifu huo unahitajika zaidi ni kwenye viwanja vya ligi za wachezaji weusi. Greenlee Field ulifunguliwa mwaka 1932 katika mtaa wa Hill, Pittsburgh, na Gus Greenlee, mfanyabiashara mweusi aliyemiliki timu ya Crawfords. Satchel Paige na Josh Gibson, wawili kati ya wachezaji wakubwa kuliko wote wa zama hizo, walichezea humo, na mwaka 1938 ukabomolewa kupisha nyumba za serikali. Ebbets Field una picha nyingi kupindukia kwa kuwa magazeti makubwa ya New York yalipeleka wapiga picha huko msimu baada ya msimu, ilhali Greenlee Field, uliodumu miaka saba tu na kupuuzwa na magazeti mengi ya wazungu, una chache. Anayeujenga hulazimika kuchambua gazeti la weusi la Pittsburgh Courier, ramani za bima, na hasi za picha za Charles "Teenie" Harris, mpiga picha wa mtaa huohuo, ambazo takriban 80,000 zimehifadhiwa katika Jumba la Sanaa la Carnegie mjini humo, akitafuta kipande cha ukuta wa matofali nyuma ya bega la mchezaji au mwishoni mwa barabara ambayo mpiga picha aliikusudia kwa jambo jingine. Sehemu kubwa ya modeli kama hiyo itakuwa ya kijivu, na ndivyo inavyopaswa kuwa mpaka hasi nyingine ipatikane.