Wana wa Nondo, Mwaka Usipigwe Kihuni

Oya wana, Lushoto baridi ikikaza, tangawizi mkononi, mtu akitaja kitabu kijiweni kwa mwaka wa kubahatisha anasanuliwa hapohapo. Wapo wanaoita unoko. Mimi nasema wanaosanua waendelee, tena wakaze.

Cheki Habari za Wakilindi. Hii ndiyo nondo ya nyumbani kabisa: Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetokea Nguu, akapokelewa mlimani, akaua simba, Vuga ikampa utawala na ukoo wake, Wakilindi, ukaishika Usambara. Sasa msela anashuka kijiweni na "kitabu cha 1962". Wenye msuli lazima wamaindi! 1962 ni toleo aliloliandaa J.W.T. Allen. Mwandishi mwenyewe, Abdallah bin Hemedi, alishaachia mzigo kitambo, kwa vipande, kuanzia 1895 mpaka 1907, enzi za Mjerumani, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal. Ukikosea hapo umefuta miaka 67, halafu unawaaminisha madogo kwamba kabla ya Kusadikika ya Shaaban Robert ya 1951 hakuna aliyeandika kitabu kizito kwa Kiswahili. Hiyo siyo ishu ndogo hata kidogo.

Kwa Shaaban Robert vilevile. Kazaliwa Vibambani, Tanga, 1909. Ukisema aliishuhudia Kufikirika yake ikiingia sokoni, umechemka: mzee alifariki 1962, kitabu kikatoka baadaye.

Ila unyama wenyewe uko kwa Mbegha. Abdallah aliwatumikia Wakilindi, kwa hiyo kalamu yake ilikuwa karibu na wakubwa. Mwanahistoria Steven Feierman alipopanda huku kuongea na wazee, akatoa The Shambaa Kingdom mwaka 1974, alikuta simulizi ya Mbegha inasimuliwa kwa namna nyingi, na akaonya isimezwe kama taarifa ya polisi. Kwa hiyo hata kitabu chenyewe kinasanuliwa, na anayekisanua anaweza kuwa bibi wa kijijini ambaye hajawahi kukishika.

Kanuni ni moja: njoo na kitabu, fungua ukurasa wa mchapishaji, onyesha. Skrinishoti haihesabiki. Na usimchane mtu mbele ya watu kisa tarehe, mpe madini asepe nayo.

Wewe mwenye babu Vuga, Bumbuli au Mlalo, mkalishe wiki hii. Muulize Mbegha aliingilia wapi na alipokelewa na nani. Andika jina la babu na tarehe, kisha njoo utusanue.