Miaka sita ya udaktari, halafu?

Mwenzako wa BCom anasoma miaka minne, anaanza kusaka kazi. Wewe wa udaktari pale Chuo Kikuu cha Nairobi bado uko tu: miaka sita mizima. Unaanzia Chiromo, mnapasua maiti kujua mwili ulivyo. Baadaye ni Hospitali ya Kenyatta, mnazungushwa wadi hadi wadi: upasuaji, watoto, uzazi. Ukihitimu, kuna mwaka mwingine wa mafunzo kazini. Kasheshe iko hapo. Mwaka wa 2024 serikali ilitaka kuwalipa madaktari hawa Sh70,000 badala ya Sh206,000, moja ya sababu za mgomo uliodumu siku 56. Kwa hivyo, msee, kabla ya kuchagua kozi kule KUCCPS, usiulize alama pekee. Uliza pia huo mwaka wa saba.