jQuery au viunzi vipya? Swali la kiwanda chenye mfumo wa zamani

WAHENGA walionya kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Wao hao ndio waliosema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.

Methali hizi mbili zinakutana leo katika afisi nyingi, ambako mifumo ya wavuti iliyojengwa zaidi ya mwongo mmoja uliopita ingali inafanya kazi, huku vijana waliohitimu juzi wakitaka ibomolewe na kujengwa upya.

Eneo la EPZ la Athi River, katika Kaunti ya Machakos, ni mahali pafaapo kulitazamia swali hili. Maeneo ya aina hiyo yaliwekwa na sheria ya mwaka 1990 ili viwanda vitengeneze bidhaa za kuuzwa ng'ambo, na kazi ya ushonaji wa nguo za soko la Marekani imeajiri maelfu ya watu humo. Kwa kuwa malighafi huingia bila kutozwa ushuru na eneo zima liko chini ya uangalizi wa forodha, kitambaa kinachoingia na katoni zinazotoka ni lazima vihesabiwe.

Chukua mfano wa kiwanda cha nguo kilichojengewa mfumo wa kufuatilia oda mwaka 2010. Msimamizi wa ghala huandika mita za kitambaa kilichopokelewa. Msimamizi wa laini huandika nguo zilizokamilika. Karani wa usafirishaji hutazama jumla kabla ya kontena kushika njia ya Mombasa.

Mfumo huo ulijengwa kwa jQuery, na haujawahi kukwama siku ya kupakia. Je, uachwe?

Dawa ya vivinjari vilivyokosana

jQuery ni maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandikwa ambazo mwanaprogramu huzitumia badala ya kuanza kila kitu mwenyewe. Ilitolewa na Mmarekani John Resig mwaka 2006.

Wakati huo vivinjari havikuelewana. Amri ya lugha ya JavaScript iliyotii katika Firefox iliweza kugoma katika Internet Explorer. Mwanaprogramu alilazimika kuandika kazi moja mara mbili au tatu. jQuery iliondoa adha hiyo: mstari mmoja ulifanya kazi kote. Haikuhitaji mitambo mikubwa wala mafunzo marefu, na hadi leo ingali katika zaidi ya nusu ya tovuti za ulimwengu.

Hata hivyo, ugonjwa ulioletewa dawa hiyo umepungua. Vivinjari vya sasa vinafuata kanuni zinazofanana, na Microsoft iliacha kuihudumia Internet Explorer 11 katika matoleo mengi ya Windows 10 mwezi Juni 2022. Mwaka huo huo GOV.UK, tovuti kuu ya serikali ya Uingereza, iliondoa jQuery katika kurasa zake ili zipate wepesi, hasa kwa wenye simu dhaifu na mtandao wa polepole.

Viunzi vinaleta nini?

Viunzi ni zaidi ya maktaba. Ni mifupa kamili ambayo programu nzima hujengwa juu yake. Vinavyotajwa sana ni React, iliyotolewa kwa umma na Facebook mwaka 2013 na ambayo wenyewe huiita maktaba, Vue ya mwaka 2014, na Angular ya Google.

Tofauti yake na jQuery ni ya namna ya kufikiri. Katika jQuery, idadi ya nguo ikibadilika, mwanaprogramu ndiye huamuru kila sehemu ya ukurasa ibadilike: jumla ya laini, salio la oda, rangi ya onyo. Akisahau moja, ukurasa utaonyesha nambari mbili zinazopingana, na karani hatajua aamini ipi.

Katika kiunzi, mwanaprogramu hueleza jinsi ukurasa unavyopaswa kuonekana kulingana na takwimu zilizopo. Takwimu zikibadilika, kiunzi husahihisha sehemu zote zinazohusika. Kwa ukurasa wenye mambo mengi yanayobadilika kila dakika, hiyo ni faida kubwa.

Lakini faida hiyo ina gharama. Kiunzi huja na zana za kukijenga na vifurushi vingi vilivyoandikwa na watu wengine, na kila kimoja chahitaji kusasishwa. Fundi mmoja aliyekuwa akiutunza mfumo wa zamani peke yake huenda asiumudu mpya bila mafunzo.

Kipya nacho huzeeka

Jambo ambalo wapenda upya hulisahau ni kwamba kiunzi pia huzeeka, pengine upesi kuliko maktaba.

AngularJS ilitolewa na Google mwaka 2010 na kushangiliwa kote. Mwaka 2016 ilitoka Angular mpya, iliyoandikwa upya kiasi kwamba programu za awali hazikuweza kuhamia humo bila kazi kubwa. Huduma kwa AngularJS ilisimamishwa mwishoni mwa mwaka 2021. Vue ya pili nayo ilifikia kikomo mwishoni mwa mwaka 2023.

jQuery, iliyotabiriwa kifo mara nyingi, bado inatunzwa. Mwezi Februari 2024 watunzaji wake walitoa toleo la majaribio la 4.0. Kiwanda kilichoihama mwaka 2012 kwenda AngularJS kimekwisha kulazimika kuhama tena, au kimebaki na mfumo usio na mtunzaji.

Ufa wa kuzibwa

Hiyo haina maana kwamba mwenye jQuery alale usingizi. Hatari si umri wa maktaba, bali toleo lililoachwa bila kusasishwa.

Mwezi Aprili 2020, toleo la 3.5.0 liliziba kasoro ambayo ingemwezesha mtu mwenye nia mbaya kupenyeza amri zake katika ukurasa, zikatekelezwa kana kwamba zimeandikwa na mwenye mfumo. Mnamo Januari 2025, CISA, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia usalama wa mitandao, liliingiza mojawapo ya kasoro hizo katika orodha ya zile zinazojulikana kutumiwa na wavamizi. Mfumo wa mwaka 2010 ambao haujaguswa bado una ufa huo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kwa kiwanda cha mfano wetu ni kupanda hadi toleo linalotunzwa. Iko programu ndogo iitwayo jQuery Migrate inayoonyesha amri zilizoondolewa, ili fundi azirekebishe moja baada ya nyingine.

Hatua ya pili ni kuzichambua kurasa. Fomu ya kupokea kitambaa, inayojazwa na kutumwa, haihitaji kiunzi. Ukurasa wa karani, unaokusanya takwimu za laini zote kwa wakati mmoja, unaweza kujengwa upya kwa React au Vue huku mwingine ukibaki ulivyo. Vyote viwili huweza kukaa katika mfumo mmoja.

Mwendo huo wa hatua kwa hatua si mgeni nchini. Mfumo wa forodha wa Simba, ulioanzishwa na Mamlaka ya Ushuru nchini (KRA) mwaka 2005, haukung'olewa kwa usiku mmoja; mrithi wake, iCMS, aliingizwa kwa awamu.

Mwenye kiwanda hana budi kujiuliza maswali matatu kabla ya kutia sahihi mkataba wa mfumo mpya. Je, kilichopo kinatunzwa na waliokiunda? Je, kuna kazi ambayo kimeshindwa kuifanya? Na fundi wa leo akiondoka, nani atakielewa kitakachobaki? Mnunuzi wa ng'ambo hataulizia maktaba iliyotumika. Ataulizia kama katoni zilizofika bandarini ni zile zilizoandikwa.