Panya Dume na Minyoo Yake

Baada ya mavuno hapa Matongo tulifungua kihenge chetu tutoe mahindi ya zamani, wakatoka panya. Vijana wakawaua kumi na mmoja. Binti yangu mdogo akauliza, "Baba, na panya nao wana minyoo?"

Wanayo tele. Tena wataalamu wamegundua kwamba minyoo haiwapati madume na majike kwa namna moja. Kwa wanyama wengi wa jamii ya panya, dume ndiye mwenye minyoo mingi zaidi. Sababu moja ni kutangatanga: dume huenda mbali kutafuta majike na kupigana na wenziwe, basi hupita penye mavi ya wengi. Sababu nyingine imo mwilini mwake. Homoni ya kiume, ile imfanyayo fahali awe fahali, mara nyingi hupunguza nguvu za mwili za kupigana na maradhi. Wewe mfugaji wajua jinsi fahali akihasiwa anavyogeuka maksai mpole wa kuvuta plau. Wataalamu nao waliwahasi panya dume, wakawatia aina fulani za minyoo ya utumbo, wakaona minyoo hiyo haistawi kama kwa dume mzima.

Lakini usiharakishe kusema ni hivyo daima. Mwaka 1997 zilichapishwa habari za panya waliotiwa kichocho cha tumbo, ugonjwa ule ule tunaoupata kwa maji ya Ziwa Viktoria. Hapo mambo yaligeuka: jike ndiye aliyepata wadudu wengi, na homoni ya kiume ikawa ngao ya dume.

Habari iliyonishangaza zaidi yatoka milima ya kaskazini ya Italia. Mwaka 2004 Nicola Ferrari na wenzake waliandika juu ya panya wa msituni huko. Madume na majike walikuwa na minyoo karibu sawa. Mahali pamoja wakawapa dawa madume tu, na mahali pengine majike tu. Majike walipopewa dawa, madume hawakupata nafuu yoyote. Lakini madume walipopewa dawa, minyoo ilipungua hata kwa majike ambao hawakuonja dawa! Maana yake, kuhesabu minyoo tumboni hakutoshi. Dume ndiye aliyekuwa akiieneza kwa wenzake.

Mtu si panya, nami sisemi kwamba baba wa nyumba ndiye mwenye hatia. Minyoo yetu si ile ya panya wa Italia. Hata hivyo mayai ya minyoo yetu mingi hutoka vivyo hivyo, kwa choo cha mtu, yakangoja udongoni. Na mtu aweza kuibeba asijisikie mgonjwa hata kidogo. Nasi wanaume tuna desturi mbaya. Vidonge vya minyoo vikigawiwa shuleni twafurahi, kisha twasema hiyo ni dawa ya watoto. Na tukiwa machungani au njiani, kichaka ndicho choo chetu.

Nilipomsomea mama watoto habari hizi alicheka sana, kisha akaniuliza mimi nilipimwa lini. Sikuwa na jibu. Jumatatu asubuhi nikashika njia ya zahanati na kikopo changu mkononi, nimekifunga kwa gazeti ili majirani wasikione.