Sweta ya Sufu na Goti Linalouma

Mji wa Kabati, huku Ukambani, uko kwenye barabara inayotoka Kibwezi, kaunti ya Makueni, ikapitia Mutomo na mji wa Kitui kabla ya kuelekea Migwani. Watu wa mbali hudhani Ukambani hakuna baridi. Waje Julai, alfajiri, mawingu yakiwa yamelala juu ya vilima na umande umejaa majanini. Msimu huo wauza mitumba hutoa masweta mbele, na wazee wenye magoti mabovu huja kuchagua. Huishika sweta, huipima uzito mkononi, na iliyo nene zaidi ndiyo inayopata mteja. Mimi ningewaomba waangalie kwanza imefumwa kwa uzi gani.

Kwa kawaida nguo haitengenezi joto. Joto ni la mwili wenyewe, na kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke haraka. Kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Unywele wa kondoo umejikunja tangu mgongoni mwa mnyama, kwa hiyo nyuzi za sufu hazilaliani na nafasi za hewa hubaki hata baada ya nguo kuvaliwa miaka mingi. Ni kweli kwamba sweta nene ya akriliki nayo hushika hewa. Ukiwa umeketi tu, mahali pakavu, huenda usione tofauti yoyote.

Tofauti huja na unyevu. Mfikirie mama anayetoka nyumbani kungali giza kwenda kuchota maji mchangani mtoni. Anapanda kilima na mtungi, anatokwa na jasho, halafu anasimama kungoja zamu huku upepo unampiga. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Nguo iliyolowa jasho ikimganda mgongoni, inamnyang'anya joto lile lile aliloivaa ilinde. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 65, sufu hubeba maji yanayofikia kama asilimia 16 ya uzito wake, hariri 11, pamba 8, na akriliki asilimia moja au mbili tu. Hewa ikilowana zaidi, sufu inaweza kufika karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ngozi haijahisi kwamba imelowa, kwa sababu maji hayo huingia ndani ya unywele wenyewe badala ya kukaa juu yake. Na yanapoingia, unywele hutoa joto kidogo. Kwa hiyo mtu anayetoka na sweta kavu ya sufu kuingia kwenye ukungu wa asubuhi huongezewa joto kwa muda, na muda huo ndio goti linapokuwa gumu kuliko saa nyingine zote za siku.

Sasa, goti. Mifupa yake imekaa karibu na ngozi, haina nyama wala mafuta mengi ya kuifunika, ndiyo maana hupoa mapema kuliko kiwiliwili. Ute unaolainisha kiungo huwa mzito ukipoa, na misuli inayolizunguka hujikaza. Aliyeumwa usiku kucha huamka akitembea kama aliyefungwa kamba. Baridi haikumletea ugonjwa huo: gegedu lililolika limelika kwa umri, uzito, majeraha ya zamani na mizigo ya miaka mingi. Lakini baridi huyafanya maumivu yaliyopo yasikike zaidi. Neva za ngozi zina vipokezi maalumu vya baridi, na kimoja kikubwa kilitambuliwa mwaka 2002 na David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja katika maabara yake Marekani. Walikigundua kwa kutumia mentholi, ile ile inayopoza katika dawa nyingi za kuchua. Mwaka 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobeli kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso.

Ukilitunza joto, misuli hulegea, damu hupita vizuri zaidi, na mtu huthubutu kutembea. Kwangu hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, kwa maana goti lenye gegedu lililolika hufaidika na mwendo na mazoezi kuliko kitu kingine chochote anachoweza kujifanyia mgonjwa. Sufu humsaidia kuanza.

Je, yenyewe ni dawa? Mwaka 2009 watafiti wa Uturuki walichapisha matokeo ya wagonjwa 50 wa fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima. Kundi moja lilivaa nguo za ndani za sufu na kulalia matandiko ya sufu kwa wiki sita, na maumivu yake yalipungua. Naona utafiti huo una thamani, ila wagonjwa ni wachache, na haiwezekani kumvisha mtu sufu asijue amevaa sufu. Tumaini nalo hupunguza maumivu. Karne ya kumi na tisa Mjerumani Gustav Jaeger alihubiri kwamba nyuzi za wanyama ni afya na za mimea ni madhara, hadi duka likafunguliwa London mwaka 1884 kuuza nguo za mfumo wake. Alikosea kuhusu pamba. Sufu inastahili kusifiwa kwa yale inayoyafanya kweli.

Kuitambua sokoni si kazi ngumu. Lebo ikiwa bado ipo, isome. Ikiwa imekatwa, mwombe muuzaji uzi mmoja kutoka kwenye mshono wa ndani, uushike kwa kibanio, uuguse na moto wa kiberiti mbali na nguo zilizotandazwa. Sufu huwaka kwa shida, hutoa harufu ya nywele zilizoungua, hujizima moto ukiondolewa, na jivu lake jeusi husagika vidoleni. Akriliki huwaka kwa pupa, huyeyuka, na ikipoa huacha kidonge kigumu kama shanga. Uzi wa mchanganyiko huonyesha tabia zote mbili.

Wengi huikataa sufu kwa sababu inawasha, nao hudhani wana mzio nayo. Mara nyingi ni unene wa nyuzi tu: zikizidi kama milimita 0.03, ncha zake huchoma ngozi badala ya kupinda. Tafuta sufu laini ya kondoo wa merino, au vaa fulana nyembamba ndani. Sweta iliyochakaa viwiko usiitupe. Mikono yake, ikikatwa na kupindwa, hufunika magoti vizuri usiku, mradi isibane.

Kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, soksi za sufu ni salama kuliko chupa ya maji moto. Chupa inaweza kumuunguza asijue, na kidonda hicho kikachukua miezi kupona. Soksi haiwezi kupita joto la mwili wake. Lastiki yake iwe legevu. Goti lililovimba ghafla, jekundu na lenye joto, hasa likiambatana na homa, halihitaji kufunikwa na kungojewa. Linahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Mbuzi na kondoo wetu wa Ukambani wana manyoya mafupi yanayofaa jua, hawatoi sufu ya kusokota. Sufu ya Kenya hutoka nyanda za baridi kama Molo na Timau. Lakini nyuzi za mnyama tunazo karibu zaidi: huko Mwingi, kwenye migunga, huishi kiwavi wa hariri ya porini aitwaye Gonometa postica, na taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, ilifanya kazi na wanavijiji kuivuna. Vifukofuko huokotwa nondo akishatoka, huchemshwa na soda ili gundi ilainike na vinyweleo vinavyowasha viondoke, kisha nyuzi husokotwa kama sufu, kwa kuwa kifuko kilichotobolewa hakitoi uzi mmoja mrefu. Hariri hiyo ni laini kwa ngozi inayokataa sufu. Mpaka sasa imelengwa zaidi kwa mitandio ya bei, na nasikitika kwa hilo, maana migunga ni yetu na magoti yanayouma ni yetu.

Ukishapata sufu, ifue kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila kuisugua wala kuinyonga. Maji moto na msuguano hufanya magamba ya nyuzi yashikane, na sweta ya mtu mzima ikatoka inamfaa mtoto. Ianike kivulini ikiwa imelazwa, na kabla ya kuihifadhi baada ya Agosti hakikisha ni safi, kwa sababu viwavi wa nondo wa nguo hupenda penye jasho na madoa ya chakula.