Mgombea ajibu swali aliloulizwa

Februari 2013 wagombea 8 wa urais wa Kenya walisimama pamoja kwenye televisheni, mwanamke akiwa Martha Karua peke yake. Kwetu Kongo, tangu 2011 rais anachaguliwa kwa duru moja. Hawabaki wawili wa kukutana uso kwa uso. Kila mmoja anahutubia watu wake, wengine wanagawa vitenge. Nani anawauliza?

Sisi walimu tunajua: mtoto akijibu swali ambalo hukuuliza, unamrudisha. Mwenye kuongoza mjadala afanye vile vile. Dakika 2, kisha sauti ikatwe, hata ya mkubwa. Maswali yatoke sokoni: maji, usalama, njia ya shamba. Yaulizwe kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo, na redio zirushe, maana umeme wetu tunaujua. Asiyefika, kiti chake kibaki wazi, kamera ikionyeshe.