Mgongo Wazi: Siku 28 Zinazoamua, Wewe Bado Hujui Una Mimba

Jamani akina dada, wengi wetu neno “mgongo wazi” tunalisikia kwa mara ya kwanza leba. Mimi nililisikia hapo hapo, mwanangu ana dakika chache duniani, ana uvimbe wenye kidonda chini ya mgongo. Hata kabla sijaruhusiwa kurudi nyumbani, upande wa mume ulishapata jibu: eti kwetu kuna mkosi. Wengine eti nilitoka nje ya ndoa!

Nisikilize, mwenzangu. Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama mrija mmoja, nao hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Wakati huo wengi wetu ndio kwanza tunahesabu siku za kuchelewa. Usipofunga chini, mgongo unabaki wazi. Usipofunga juu, ubongo na fuvu havikui, na mtoto haishi. Uchawi haumo hapo, wala umalaya.

Kinga ipo, ingawa si ya asilimia 100: vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia mnapopanga mtoto hadi wiki 12 za mimba. Kusubiri kliniki ni kuchelewa. Ukishawahi kuzaa mtoto wa hivi, daktari atakuandikia dozi kubwa zaidi. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha dozi hiyo hupunguza hatari ya kujirudia kwa asilimia 70 hivi. Una kisukari, au unatumia valproeti kwa kifafa? Muone daktari kabla ya mimba, ila usiache dawa kienyeji.

Mtoto akishazaliwa, msikimbilie kwa mganga. Mgongo hufungwa kwa upasuaji, siku za mwanzo kabisa. Wengi pia hujaa maji kichwani, wakawekewa mpira wa kuyapeleka tumboni. Taasisi ya MOI pale Muhimbili hufanya kazi hiyo.

Na ndoa? Mume wangu alimwambia mama yake neno moja tu: “Mama, huyu ana damu yangu pia.” Kisha akajifunza kumtoa mtoto mkojo kwa mpira, zamu kwa zamu na mimi. Leo binti yetu yuko darasa la tatu, juu ya kiti chake cha magurudumu, mbishi kama baba yake.

Kaka unayechungulia jarida la mkeo, mkipanga mtoto, vidonge nenda kanunue wewe.